Kinyago Kiko Jukwaa Lipi?

Tangu Aprili 2025 kuna hoja inayozunguka Nakuru, na kila anayeitoa huitoa kwa sauti ya mtu mzima aliyekwisha kupima mambo. Utaisikia ndani ya matatu ya Njoro, kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi, na nje ya kanisa watu wakisalimiana baada ya ibada. Yasema hivi: jukwaa la shule si mahali pa siasa. Mwanafunzi aimbe, acheze, afunzwe maadili, apokee cheti arudi kwao. Mwanasiasa mwenye kinyongo na serikali asiwavishe watoto wa watu maleba ya nchi ya kubuni ili wamsutie mahasimu wake. Na kama mtu ana la kuwaambia watawala, aseme peupe, asijifiche nyuma ya vinyago. Zaidi ya hayo, hapa ni Bonde la Ufa, tuliuana mwaka 2008. Kejeli haitufai, kinachotufaa ni utulivu.

Nimeieleza jinsi wenyewe wanavyoieleza, bila kuipunguzia nguvu. Wengi wanaoiamini si watu wabaya. Miongoni mwao wamo walimu waliozeeka na chaki mkononi na kina mama waliokimbia na watoto mgongoni. Lakini wema wa msemaji hauifanyi hoja kuwa ya kweli, na hii haina ukweli hata ukiichambua kipande kipande.

Tukumbushane kwanza kilichotokea. Shule ya Upili ya Wasichana ya Butere iliandaa mchezo uitwao Echoes of War, ulioandikwa na Cleophas Malala, aliyewahi kuwa seneta wa Kakamega. Ni kisa cha nchi ya kubuni ambamo vijana wanawahoji wanaowatawala. Mchezo ulienguliwa mashindanoni kabla ya kufika ngazi ya taifa, na Mahakama Kuu ya Kisumu ikaamuru wasichana waruhusiwe kushiriki. Wakaja Nakuru kwenye Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu. Jioni ya tarehe 9 Aprili, Malala akakamatwa alipokuwa akienda kukutana nao. Asubuhi ya tarehe 10, katika Shule ya Wasichana ya Kirobon, wasichana walipanda jukwaani bila mwelekezi, bila vifaa vyao, mbele ya ukumbi usio na watazamaji. Wakaimba wimbo wa taifa. Kisha wakashuka wakaondoka. Huko nje polisi waliwafyatulia raia na wanahabari vitoa machozi.

Sasa tuingie kwenye hoja yenyewe.

1. "Watoto walitumiwa na mwanasiasa"

Hapa pana chembe ya haki, kwa hiyo tuanze nayo. Malala ni mwanasiasa, na mwanasiasa hana siku ya mapumziko. Ni haki ya mzazi kuuliza mwandishi wa mchezo anatafuta nini.

Lakini swali hilo lina tabia ya ajabu: huulizwa tu pale mchezo unapokosa kusifu. Kizazi kilichokunywa maziwa ya Nyayo kinaijua barabara ya kwenda Kabarak. Wanafunzi walitolewa madarasani wakapangwa kando ya lami, jua la utosi, vijibendera mkononi, kumsubiri Rais Moi apite. Wengine walipigishwa mazoezi ya kwaya wiki nzima ili waimbe kwamba nchi haijapata kuona kiongozi kama yeye. Hakuna aliyesema watoto wanatumiwa. Ilikuwa uzalendo.

Wala si mambo ya kale tu. Hadi leo washindi wa tamasha hili hili hualikwa kutumbuiza mbele ya Rais. Vigelegele vikipigwa huko, hatuulizi ni nani aliyeandika shairi la kumkaribisha mgeni wa heshima, wala kama mwandishi huyo ana kadi ya chama. Waziri wa Elimu, Julius Ogamba, alihoji Malala, ambaye si mwalimu, alikuwa akitafuta nini na wanafunzi. Swali zuri, kama lingeulizwa kila mahali. Shule nyingi nchini hukodi waandishi na waelekezi wa nje msimu wa tamasha ukifika, na kila mwalimu wa drama analijua hilo. Sheria inayoamka kwa mtu mmoja peke yake ni visa vilivyovalishwa sare ya kazi.

Tena Malala hakuzuka jana. Mwaka 2013 aliwaandikia wasichana wa Butere mchezo mwingine, Shackles of Doom. Ukapigwa marufuku, Okiya Omtatah akaenda kortini, na Mahakama Kuu ikauondolea marufuku. Miaka kumi na miwili baadaye tumerudi pale pale: shule ile ile, mwandishi yule yule, korti ikisema vile vile. Tofauti ni moja. Safari hii amri ya korti ilikutana na moshi.

2. "Mwenye la kusema aseme peupe"

Hii ndiyo sehemu inayonichekesha kuliko zote, kwa sababu ushauri huu umekwisha kujaribiwa. Juni 2024 vijana walisema peupe. Hawakuvaa vinyago wala hawakubuni nchi. Walitaja Mswada wa Fedha kwa jina lake na wabunge kwa majina yao, Nairobi, Nakuru, Eldoret na kwingineko. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ikabaki kuhesabu maiti na waliotekwa. Anayekushauri useme wazi, kisha anyamaze wanaosema wazi wanapozikwa, hatafuti uwazi. Anatafuta kukuona vizuri.

Na wale wasiosema wazi? Gideon Kibet, anayejulikana kama Kibet Bull, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro, alipata jina kwa picha zake za vivuli. Umbo jeusi tupu, halina macho wala pua wala mdomo. Tarehe 24 Desemba 2024 alitekwa na watu wasiojulikana, akaachiliwa Januari 2025. Polisi walikana kuhusika. Hebu tujiulize kwa utulivu ule ule tunaohimizwa kuwa nao: picha isiyo na uso ilimkera nani? Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, na hapa palikuwa na mwerevu aliyeling'amua haraka mno.

Hapo ndipo hoja kwamba kinyago ni woga inapovunjika. Kinyago cha msanii hakimfichi msanii. Jina la Malala lilikuwa kwenye mchezo wake, na Kibet alikuwa akichora kwa jina lake. Kazi ya kinyago ni kutenganisha cheo na mwenye cheo, ili tukijadili kiti tusiishie kumtukana aliyekikalia na kabila lake. Ukimchora mtawala wa nchi isiyokuwapo, umemwachia kila mtawala aliyepo mlango wa kutokea: anaweza kucheka na wenzake akasema huyu si mimi. Ni adabu kubwa hiyo. Anayekataa kupita mlango huo, akasimama katikati ya ukumbi akapiga kelele kwamba amechorwa yeye, amejitia mwenyewe ndani ya picha.

Wachoraji wetu wanalijua jambo hili zamani. Joseph Bertiers, aliyeanza kwa kuchora mabango ya maduka na baa, hujaza turubai zake vurumai ya wakubwa wa dunia hadi mtazamaji ashindwe kujua acheke wapi kwanza. Mwaka 2012 Boniface Mwangi na wachoraji wenzake walimchora tumbusi aliyevaa suti kwenye ukuta katikati ya Nairobi. Hawakuandika ni mbunge gani. Hata hivyo, sikumbuki mpita njia aliyehitaji kuelezwa.

3. "Shule si mahali pa siasa"

Ajabu ya hoja hii ni kwamba wanaoitoa wamesomea siasa darasani, kwa vitabu vilivyoidhinishwa na serikali.

Betrayal in the City cha Francis Imbuga, kilichotoka mwaka 1976, kinasimulia nchi ya kubuni iitwayo Kafira. Ndani yake wafungwa wanafanya mazoezi ya mchezo wa kumpokea mkuu wa nchi mgeni, na bunduki ya maigizo inageuka kuwa ya kweli. Kimetahiniwa katika KCSE. Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia kina Mtemi Bokono na visima vinavyolindwa dhidi ya wenye kiu. Kimetahiniwa. Mstahiki Meya cha Timothy Arege kina meya anayewaandalia wageni karamu huku hospitali ikikosa dawa. Kimetahiniwa. Kigogo cha Pauline Kea kina Majoka wa Sagamoyo, anayefunga soko na kuwaachia raia taka. Nacho kimetahiniwa, miaka kadhaa mfululizo.

Tutue kidogo kwenye Kigogo, maana kinagusa jambo letu barabara. Sudi ni mchongaji. Anatakiwa achonge kinyago cha shujaa anayetakiwa na utawala, kwa malipo manono. Anakataa. Anachonga kingine, cha Tunu, msichana anayewapigania wanyonge wa Sagamoyo. Maelfu ya watahiniwa wa Nakuru, Molo, Gilgil na Naivasha wameandika insha wakimsifu Sudi kwa msimamo wake, na wasahihishaji wakawapa alama. Serikali ililipa karatasi, ikalipa wino, ikalipa na polisi wa kulinda mtihani.

Basi kanuni yetu ni ipi? Kwamba mwanafunzi aruhusiwe kumchukia Majoka kwa kalamu, lakini akifungua kinywa aitwe mchochezi? Kwamba dikteta ni halali akiwa ukurasa wa 40, haramu akiwa na miguu? Kama shule si mahali pa siasa, ondoeni vitabu hivyo vyote kesho asubuhi, na muwaelezee wazazi sababu. Kama vitabaki, basi mmeshakubali kwamba shule ni mahali pa kufikiri juu ya utawala. Mnachokataa ni mwanafunzi kuonyesha kwamba alielewa alichofundishwa.

4. "Nakuru ina kovu, tusiitoneshe"

Hoja hii siichezei. Mapigano ya 1992 yalipita Molo, ya 1998 yakapita Njoro, ya Januari 2008 yakaikumba Nakuru na Naivasha. Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima baada ya uchaguzi wa 2007. Mtu aliyeyaona hayo ana haki ya kushtuka akisikia sauti ya juu.

Lakini ashtuke kwa sauti inayostahili. Nani alituchoma? Kasomeni ripoti za tume, ya Jaji Akiwumi kuhusu mapigano ya miaka ya tisini na ya Waki. Mtakuta mikutano ya hadhara, fedha, magari, vipeperushi, na wanasiasa wanaojua kuzungumza mchana kwa Kiswahili cha umoja na usiku kwa lugha nyingine. Hamtakuta mchezo wa shule. Hamtakuta turubai la mchoraji. Mwendesha mashtaka wa Mahakama ya The Hague alipotaja watu sita mnamo Desemba 2010, orodha ilikuwa na wanasiasa watatu, mkuu wa utumishi wa umma, aliyekuwa mkuu wa polisi na mtangazaji wa redio. Kesi zote ziliporomoka bila yeyote kuhukumiwa, na hilo liandikwe kwa haki yao. Ninachosema ni kwamba hata katika kushuku tu, hakuna aliyefikiria kumshuku msanii wa kejeli.

Tangu 2009 wanasesere wa mpira wa XYZ Show, kipindi kilichobuniwa na mchora katuni Gado, waliwakejeli marais na mawaziri kwenye televisheni. Walicheza hata wakati nchi ilikuwa bado inafukia makaburi. Hakuna nyumba iliyochomwa kwa ajili ya mwanasesere. Watu wa makabila yote walicheka pamoja, na wakati mwingine kumcheka mtu wa kwetu pamoja na mtu wa kwenu ndiyo dawa pekee tuliyobaki nayo.

Na pale Kirobon, nani alikuja na silaha? Wasichana walikuja na mistari waliyoikariri. Wanahabari walikuja na kamera. Vitoa machozi vililetwa na wale waliotumwa kulinda utulivu. Imbuga aliiandika bunduki ya maigizo inayogeuka ya kweli. Nakuru tuliruka maigizo tukaanzia kwenye ya kweli.

5. Maleba halisi yako Afraha

Tuseme sasa tunakubali kwamba kuvaa maleba mbele ya umma ili kuwapumbaza watu ni jambo baya. Vizuri. Twendeni Afraha.

Tarehe 2 Desemba 2012, katika uwanja wa Afraha hapa Nakuru, Uhuru Kenyatta na William Ruto walizindua muungano wa Jubilee. Watu wa pande mbili zilizokatana mapanga miaka mitano kabla walijaa hapo, rangi nyekundu tele. Baada ya ushindi wa 2013 wakubwa hao wawili walijitokeza Ikulu na mashati meupe na tai nyekundu zinazofanana, kama watoto mapacha waliovalishwa na mama mmoja. Tarehe 16 Aprili 2016 walirudi Afraha kutoa shukrani baada ya kesi ya The Hague kuanguka. Wimbo, sala, kukumbatiana. Mwelekezi wa tamthilia angetoa chochote apate umati ule. Kufikia 2018 mchezo ulikuwa umebadilika, na mwaka 2022 mmoja akazunguka nchi na wilibaro kama kifaa cha jukwaani, mwenzake akimfanyia kampeni mpinzani.

Hayo si maigizo? Februari 2020, kwenye mazishi ya Moi pale Kabarak, rungu la Nyayo lilikabidhiwa mbele ya kamera kutoka kwa mwana mmoja hadi kwa mwingine, ili taifa lijue nani amerithi. Kila msimu wa uchaguzi, mgombea hupanda jukwaa la Molo au Kuresoi, akavikwa ngozi ya wazee juu ya suti yake, kiatu kinang'aa chini, akashikishwa mkuki asiojua kuushika. Jumapili inayofuata yuko madhabahuni, Biblia kwapani. Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula akapiga marufuku suti za Kaunda bungeni, zile zile alizozipenda Rais. Yaani hata wao wanajua kwamba vazi linasema kitu. Wanabishania tu nani aruhusiwe kulisemesha.

Wahenga walinena kwamba kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Sisi tumevichonga kwa kura zetu, na bado tunavitetemekea. Msichana wa miaka kumi na sita akitaka kutuonyesha kinyago kingine cha kukipimia hiki, tunamwambia anachafua maadili.

6. Nani analipa?

Wenye hoja huzungumza kana kwamba kuufunga mchezo mmoja hakugharimu chochote. Tuhesabu.

Wasichana wamejifunza kwamba amri ya Mahakama Kuu inaweza kushindwa na kopo la moshi. Somo hilo halimo kwenye silabasi yoyote, lakini hawatalisahau. Katika miaka michache watakuwa wapiga kura, mawakili, maafisa wa polisi. Wakikosa imani na korti, tusijifanye hatujui walikoipotezea.

Walimu wa drama wamejifunza pia. Mswada unaofuata utahusu madhara ya dawa za kulevya, au mimba za mapema, au umuhimu wa kupanda miti. Mambo mema yote hayo, na hakuna atakayekamatwa kwa ajili yake. Hatutaona tulichokipoteza, kwa sababu hakitaandikwa. Mwaka 1977 serikali iliufunga mchezo wa Ngaahika Ndeenda pale Kamirithu na kumtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini. Gharama yake haikuwa mchezo ule, ambao dunia nzima ilikuja kuujua. Ilikuwa michezo yote ambayo wanakijiji wengine waliogopa kuijaribu baadaye.

Na gharama ya tatu ndiyo inayoivua nguo hoja nzima. Walisema hawataki mwanasiasa ajinufaishe kwa mgongo wa watoto. Kabla ya tarehe 9 Aprili, Malala alikuwa mwandishi wa mchezo wa shule ambao ungetazamwa na walimu, waamuzi na wanafunzi waliochoka. Baada ya kumkamata, wakamfanya habari kuu ya nchi. Mchezo ambao wengi wetu tusingesikia jina lake ukajulikana hadi ng'ambo. Aliyempa Malala jukwaa kubwa kuliko yote aliyowahi kupanda ni yule aliyemtuma polisi.

Wazazi na walimu wa Nakuru, mkitaka kulinda maadili ya watoto, hilo ni jema, na tutakuwa nanyi. Lakini maadili yana utaratibu wake, na wa kwanza ni mtu mzima kutii korti kabla ya kumwambia mtoto atii kengele. Mahakama Kuu ilisema wasichana wa Butere waruhusiwe. Walifika, wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa mbele ya viti vitupu, wakashuka. Atakayetaka kutufundisha heshima ya jukwaa la shule atuambie kwanza ni nani aliyewafukuza watazamaji.